Risala ya klabu ya radiografia kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na wenzetu wote, habari za mchana. Tumepewa dakika tano na MC ameshaanza kutuangalia vibaya, kwahiyo tunaingia moja kwa moja.

Mwaka huu klabu yetu ilijisomea uvimbe mmoja unaitwa GIST, ni saratani ya nadra, wanaoupata ni kama watu 10 mpaka 15 kwa kila milioni kwa mwaka, na zaidi ya nusu unaota kwenye tumbo la chakula. Tumeuchagua sababu ya baba mdogo wa mwenzetu, alitibiwa vidonda vya tumbo karibu miaka miwili, omeprazo mpaka basi, choo cheusi kama lami, damu anaongezewa inashuka tena, akamezeshwa mpira wa kamera majibu yakaja tumbo safi. Na kamera haikudanganya mheshimiwa, yenyewe inaona ngozi ya ndani, GIST unaanzia kwenye ukuta wa tumbo na mara nyingi unakua kuelekea nje.

Siti skani ndo ilimkuta. Alinyweshwa maji vikombe kadhaa tumbo litanuke, akachomwa kontrasti, ile dawa ya kung'arisha picha, kwenye mshipa, akapigwa picha mapema dawa ikiwa bado kwenye ateri, halafu tena kwenye sekunde ya 70 hivi. Kwenye skrini likaonekana dude la duara linaning'inia nje ya tumbo, kingo zinang'aa, katikati kweusi maana nyama ya pale imeshakufa. Bila kontrasti ungesema ni utumbo tu umejaa. Wakachukua kinyama kuthibitisha maabara, ndo akaanzishiwa imatinib, dawa iliyoruhusiwa kwa GIST kule Marekani mwaka 2002.

Miezi miwili baadae karudi, uvimbe karibu saizi ile ile, nyumbani wakaanza kulia kwamba dawa imegoma. Kumbe ulikuwa umefifia, weusi umeenea. Kwa vigezo vya Choi vya 2007, vya kusoma kwenye picha kama GIST unaitikia dawa, ukipungua ukubwa asilimia 10 au ung'avu asilimia 15 inahesabika dawa imemkubali. Mtu wa kupima kwa rula tu angemkatisha dawa, yaani hivi hivi.

Sasa maombi yetu. Fomu zinakuja zimeandikwa "maumivu ya tumbo", basi. Tunaomba madaktari waandike na damu inashuka, kamera ilikuwa safi, hapo na sisi tunajua tutafute nini. Pili, sehemu moja tulikoenda field mashine ipo nzuri kabisa ila kontrasti iliisha wiki ya tatu, mgonjwa anaambiwa akanunue mtaani. Tatu, kompyuta moja ya kutunzia na kulinganishia picha, hata kama ni mtumba, maana CD za wagonjwa zikishachubuka huna pa kulinganisha.

Baba mdogo mwenyewe yupo pale nyuma, shati la bluu, kaja na bahasha yake ya picha ukitaka kuziona.

Ni sisi wanafunzi wako.