Barua ya wazi kwa wanafunzi wa chama cha historia: Wamaya hawakutoweka

Wajukuu zangu,

Wiki iliyopita kwenye maonyesho nilisimama mbele ya bango lenu la manila. Piramidi za Tikal, mji wa kale wa Wamaya huko Guatemala, mmezichora vizuri, hongereni. Lakini chini yake mkaandika kwa wino mwekundu: "Walikata miti, wakatoweka." Niliondoka na hasira, na mpaka leo haijaniisha.

Nani katoweka? Wamaya wapo mamilioni Guatemala, Meksiko na Belize. Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1992, ni Mmaya wa kabila la K'iche'. Mama wa huko jioni huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyalaza usiku kucha, asubuhi huyasuuza maganda yatoke, ndipo husaga apike chapati. Chokaa hiyo ndiyo inayofungua niasini, vitamini iliyomo kwenye mahindi, mlaji asiugue pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Mahindi yalivuka bahari hadi kwetu, ujuzi huo ukabaki kwao. Tunashiba ugali, halafu wenye mbegu tunawaita marehemu! Shambani huchanganya mahindi, maharage na maboga, kama bibi zenu, kabla sisi wasomi hatujawaambia kwamba shamba la kisasa ni la zao moja. Hilo kosa ni letu, si lenu.

Kuhusu miti mmesema nusu. Ni kweli walifyeka sana, wapate mashamba na kuni za kuchomea chokaa ya majengo, na udongo ukateremka hadi kwenye maziwa ya eneo la Petén, kaskazini mwa Guatemala. Mbona hamkuandika matuta ya mashamba ya Caracol, mji wao mwingine huko Belize? Mashamba yaliyoinuliwa mabondeni? Tikal haina mto. Waliishi kwa mabwawa ya mvua, na moja waliliwekea mchanga wenye madini ya zeolaiti uchuje maji.

Kisha, kati ya miaka ya 800 na 1000, ukame ukarudi na kurudi. Matope ya ziwa Chichancanab, huko Meksiko, yamehifadhi alama zake. Vita navyo vilikuwepo. Mabwawa ya karibu na kasri la Tikal yakaingia mwani wenye sumu, na zebaki iliyotoka kwenye rangi nyekundu ya majengo. Nguzo ya mwisho ya jiwe lililochongwa tarehe pale Tikal ni ya 869. Watu wakabeba watoto na mbegu, wakahama.

Wanangu, bango bado liko ukutani. Futeni "wakatoweka", andikeni "wakahama", na chini yake mchore yule mama na chungu chake cha mahindi. Jumamosi nitapita kuangalia.

Babu yenu, mwalimu mstaafu