Msitupe mashine kwa sababu ya kompyuta yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna msomaji mwenzetu kaandika hapa kwamba tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, mtu yeyote anayeendelea kutumia mfumo wa zamani ni bahili tu na anahatarisha wenzake, eti dawa ni kutupa na kununua mpya. Kwa laptopu ya ofisini inayoingia benki kila siku sina ugomvi naye sana. Ila yeye kawachanganya wote kapu moja, na mimi ambaye ugali wangu unatokana na kuamsha kompyuta ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau nimeona nikikaa kimya ntakuwa nimejinyonga mwenyewe.

Mfumo ninaotaka kuuongelea wengi hawajawahi hata kuusikia, unaitwa OS/2, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows ilivyo, na vijana wa hapa kijiweni nikiutaja wanadhani ni simu mpya ya Kichina. IBM na Microsoft waliuandaa pamoja, toleo la kwanza likatoka Desemba 1987, na matumaini yalikuwa uje kuchukua nafasi ya DOS, mfumo wa enzi hizo wa kuandika amri, dunia nzima. Halafu 1990 ikaja Windows 3.0 ikauzika balaa, ndoa ikavunjika, Microsoft wakaondoka na kazi ambayo baadae ikawa Windows NT, IBM wakabaki na OS/2 yao. Wakatoa 2.0 mwaka 1992, Warp 3 mwaka 1994, Warp 4 mwaka 1996. Na tusidanganyane, ilikuwa mashine ya kazi, unafungua programu za DOS na za Windows za enzi hizo pembeni ya zake yenyewe, moja ikijifia zingine hazina habari. Watu wa majumbani hawakuichangamkia lakini mabenki na viwanda waliipenda, ATM kibao duniani zilikuwa na OS/2 tumboni, na kadi za MetroCard za treni za New York ziliendelea kuitegemea miaka na miaka baada ya IBM wenyewe kunawa mikono. Kuuza waliacha Desemba 2005, huduma ikakatwa mwisho wa 2006.

Sasa inanihusu nini mimi fundi wa Keko? Inanihusu kwa sababu Keko ni fanicha, na fanicha za siku hizi sio randa na msumeno tu, kuna wazee wameleta mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, za mtumba kutoka Ujerumani za kukata na kutoboa MDF, chuma cha nguvu, motor bado zinanguruma vizuri kabisa, na kichwani mwake kuna kompyuta ya OS/2 Warp. Mzee mmoja hapa mtaani yake iligoma. Akampigia wakala, wakala akamwambia mfumo huo ulishakufa, inabidi ang'oe kontrola nzima, ile kompyuta inayoiongoza mashine, afunge mpya, na bei aliyotajiwa ilikuwa inakaribia aliyonunulia mashine yenyewe. Wakala hata hakuja kuifungua! Kasikia jina la mfumo kwenye simu akatoa hukumu.

Kilichokuwa kimekufa ni diski. Basi. Diski ya zamani ya IDE, muunganisho wa kizamani, inagonga kokoko ukiiwasha, na kwa jinsi umeme wetu unavyokatika katikati ya kazi ni muujiza iliishi muda wote huo. Nikavuta data zake taratibu kwa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, amri yake ya kunakili inayoitwa dd ikakesha usiku kucha, sehemu mbovu ikaziruka, data nyingi zikatoka. Nikaweka kwenye kadi ya memori ya CompactFlash yenye adapta ya IDE, hiyo haina kitu cha kuzunguka kwa hiyo vumbi la mbao na mtikisiko haviitishi. Nawasha, skrini nyeusi, ujumbe unasema mfumo hauwezi kulipata faili la COUNTRY.SYS.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapotea, maana utaenda kutafuta hilo faili na utalikuta limekaa pale pale. Ule ujumbe ni wa uongo kidogo, mashabiki wa OS/2 dunia nzima wanaujua, maana yake halisi ni kwamba draiva ya diski, yaani programu ndogo ya kuongea na kifaa, imeshindwa kuelewana na diski yenyewe, kwa hiyo mfumo ukiomba faili lake la kwanza haulipati na unalitaja hilo hilo kama mkosaji. Draiva ya asili, IBM1S506.ADD, iliandikwa kabla vitu kama kadi yangu havijazoeleka. Lakini kuna mtu mmoja, Daniela Engert, aliandika draiva mbadala inaitwa DANIS506.ADD ambayo ilikuja kuokoa watu wengi sana wa OS/2 diski zilipoanza kukua. Linux inaweza kusoma na kuandika HPFS, ambayo ndio mpangilio wa mafaili wa OS/2, kwa hiyo nikalitia lile faili kwenye folda ya BOOT, nikafungua CONFIG.SYS, faili la maelekezo ya kuwashia mfumo, kwa notepadi ya kawaida kabisa, mbele ya mstari wa BASEDEV unaoita draiva ya zamani nikaandika REM ili upitwe, chini yake nikaweka mstari mpya. Nikawasha. CHKDSK, mkaguzi wa diski, ikazunguka weee, kisha meza ya OS/2 ikafunguka na programu ya kukatia ikaja na mafaili ya makabati yote ya mzee. Hakuna aliyeng'oa kontrola.

Nimeeleza kwa urefu makusudi, ili msomaji aone "mfumo umekufa" inavyokuwa kwa karibu. Mfumo wenyewe haukuwa na shida yoyote, hesabu zake ni zile zile za 1996 na mbao ni zile zile. Vinavyobadilika ni vilivyouzunguka, diski inakuwa kubwa, mazabodi zinaacha BIOS, programu ya zamani ya kuwashia mashine, zinahamia UEFI, kadi ya mtandao inakuja ya kiwanda kingine, na kila kimoja kikibadilika lazima mtu fulani mahali fulani akae aandike kipande kipya cha kuunganisha.

Na watu hao wapo, hii ndio sehemu ambayo msomaji mwenzetu hakuigusa. Kuna kampuni ndogo ya Marekani inaitwa Arca Noae, ilianzishwa 2014, ina laiseni kutoka IBM, na 2017 ikatoa ArcaOS 5.0, ambayo ni OS/2 ile ile imetengenezewa mazingira ya leo, halafu 2023 wakatoa 5.1 inayowaka kwenye mashine za UEFI. Fikiria, mfumo wa 1987 unawaka kwenye kompyuta ya juzi. Haigawiwi bure, inauzwa, na mimi naona ni sawa kabisa, mtu anayeandika draiva naye ana watoto wanaosoma. Ujanja wao mwingi ni wa kuazima, sauti imejengwa juu ya kazi ya ALSA, draiva za sauti za Linux, kadi za mtandao wamezichukulia kwenye draiva za FreeBSD, mfumo mwingine wa bure, kwa sababu zile ni sosi kodi za wazi, yaani maandishi ya programu yako hadharani, unaruhusiwa kuzichukua ukazikata ukazishona upya. OS/2 yenyewe sasa! IBM waliombwa na mashabiki waifungue wakakataa, na sehemu yake iliandikwa pamoja na Microsoft kwa hiyo sio ya IBM peke yao kuiachia. Kwa hiyo wanaoihudumia leo wanafanya kazi ya kuzungukia ukuta, hawawezi kuingia ndani wakabomoa kilichooza.

Brauza ndio inatesa kuliko vyote. Programu ya kukata mbao ukiiacha peke yake itaishi hata miaka hamsini, lakini brauza inaishi na dunia nzima na dunia haisimami. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mizizi, kile ambacho brauza inakiamini ili kuhakiki tovuti, ambacho tovuti nyingi zenye vyeti vya bure vya Let's Encrypt zilikuwa zinakiegemea kiliisha muda, asubuhi yake vifaa vingi vya zamani vikawa vinagoma kufungua tovuti ambazo jana yake zilifunguka, na watu wakawa wanalaumu bando. OS/2 ilikuwa na Firefox yake, watu wa kujitolea waliijenga toleo kwa toleo mpaka wakafika 45 wakakwama. Halafu kuanzia 2017 ukitaka kuijenga Firefox lazima uwe na Rust, lugha mpya ya kuandikia programu, nzuri tu sikatai, ila kama mfumo wako hauna Rust basi huna Firefox mpya, na kuihamisha Rust nzima kwenye mfumo wenye watu wachache kiasi hicho sio kazi ya wikiendi. Kikundi kidogo cha bitwise works wakaona bora wapite njia nyingine, wakaihamisha Qt, vifaa vya kutengenezea programu, pamoja na injini yake ya wavuti inayotokana na Chromium, msingi wa brauza ya Chrome, ndio ikapatikana brauza inaitwa Dooble. Na hapo napo kuna kona, kwa kawaida programu moja kwenye OS/2 ilikuwa inapewa eneo la memori la megabaiti 512 tu, unaongeza kwa mstari wa VIRTUALADDRESSLIMIT kwenye CONFIG.SYS lakini huvuki 3072, wakati kurasa za leo zinakula memori kama nzige shambani.

Najua kuna atakayeniuliza usalama je. Swali zuri. Ile mashine ya mzee haina intaneti na haitakuwa nayo, michoro inaingia kwa diski za flopi na akichoka nazo ntamtafutia kifaa cha kudanganya flopi kwa flashi, mwisho wa hadithi. Mtu anayeniletea kompyuta ya Windows XP yenye vitabu vya hesabu za duka na wakati huo huo anaingilia Facebook, huyo namfokea mbele za wateja. Tofauti ni hiyo, na ndio maana kauli ya "tupeni zote" inaniudhi, imewasamehe wavivu kama yule wakala na imewaumiza wenye mashine nzima.

Kuna wanaosema si uweke kwenye VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, uache kuhangaika na makopo ya zamani. Nimejaribu kwa wateja wengine na inafaa kwa programu za mezani, mradi prosesa iwe na VT-x, msaada wa ndani wa kuigiza kompyuta, maana OS/2 inatumia ngazi ya ulinzi ya prosesa ambayo mifumo mingine mingi haiigusi kabisa. Lakini mashine ya CNC ina kadi yake maalum imechomekwa kwenye mazabodi na programu inaongea nayo moja kwa moja, huwezi kuiweka ndani ya dirisha. Kwa hiyo kila kazi na dawa yake.

Ninachoomba mimi ni kwa wanunuzi, na hasa ofisi zinazonunua kwa hela ya umma. Mnanunua mashine ya hospitali, ya kiwanda, ya maji, mnakagua rangi na tairi, hakuna anayeuliza kompyuta iliyomo inatumia mfumo gani na diski za kuinstolia ziko wapi. Ulizeni siku hiyo hiyo kabla hela haijatoka. Mpewe nakala ya diski nzima siku mashine inafungwa, funguo za laiseni ziandikwe kwenye karatasi na zisibaki kwenye simu ya fundi wa wakala, na kwenye mkataba kiwepo kifungu kwamba muuzaji siku akiacha kuihudumia atatoa vitabu vya ufundi na sosi kodi, au akabidhi kwa mtu mwingine anayeweza. Wauzaji watanuna, najua, lakini mteja ananunua mashine ya miaka ishirini kwa nini akubali programu ya miaka mitano? Na kama kuna watu wanaoihudumia kama hao wa ArcaOS, nunueni laiseni zao jamani, msitafute iliyovunjwa, wakifunga duka hao hakuna wa pili.

Vyuo vya ufundi navyo vingefanya jambo kama wangewaachia wanafunzi kompyuta moja ya zamani wahangaike nayo. Kijana anayejua kusoma CONFIG.SYS mstari kwa mstari hata Linux haitamtisha.

Mwisho, kama kuna msomaji ana diski za Warp 3 au Warp 4 zimejaa vumbi stoo, pamoja na zile fixpack, diski za marekebisho, za IBM, au vitabu vya mashine za mbao za Ujerumani za miaka ya 1990 hata kama ni vya Kijerumani, asiwape watu wa chuma chakavu. Mhariri anayo namba yangu. Za inchi tatu na nusu ndio nazitafuta zaidi, na zikiwa na ukungu kidogo zilete hivyo hivyo, kuzisafisha najua.

Fundi kompyuta,
Keko, Dar es Salaam