Fomu ya bweni inauliza mpaka wengu: barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mtwara

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

YAH: MWANAFUNZI MWENYE ADHD NA FOMU ZA KUJIUNGA NA SHULE ZA BWENI

Pokea salamu kutoka Newala. Naandika kama mjomba, na unajua huku kwetu mtoto wa dada akikwama, mjomba ndiye anayeitwa. Mpwa wangu amemaliza darasa la saba. Minada ya korosho ikienda vizuri, Januari ataingia kidato cha kwanza katika shule binafsi ya bweni. Kutwa hatukuitaka: shule ya kata iko mbali, na binti wa miaka 14 kutoka gizani na kurudi gizani kila siku ni hofu tupu.

Mtoto huyu ana ADHD. Ni hali ya ubongo inayompa mtu taabu kushika umakini, kukumbuka alichoambiwa sasa hivi na kukadiria muda. Mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Haitokani na kudekezwa, na majini hayahusiki. Wavulana wenye hali hii hugundulika mapema kwa sababu wanaruka madirisha. Wetu hasumbui mtu. Anatazama ubao kimya, mwalimu yuko sentensi ya nne, yeye bado yuko ya kwanza. Ripoti zake za shule ya msingi zinaimba wimbo mmoja: anaweza, ila mzembe. Mpaka alipopimwa Dar es Salaam ndipo tukajua.

Tumezunguka shule za bweni kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi. Mkuu wa shule mmoja alisikiliza nusu ya maelezo akasema, "Mleteni tu, hapa tutamnyoosha." Mwingine aliuliza kama inaambukiza. Huyo wa pili nilimpenda zaidi, maana angalau aliuliza.

Fomu za kujiunga nilizokusanya ninazo hapa mezani. Ukurasa wa mahitaji unataka godoro, ndoo zenye mifuniko, ufagio, jembe, rimu ya karatasi. Fomu ya afya inamtaka mganga apime choo, mkojo, kaswende, kifua kikuu, macho, masikio, mpaka wengu. Chini kabisa kuna mstari wa maelezo mengine. Hata daktari akibana maandishi yake hapo, fomu inaingia kwenye faili ofisini, na matroni anayekaa bwenini na watoto haioni.

Sipingi bweni. Mtoto wa namna hii anahitaji mpangilio wa kutoka nje kwa sababu wa ndani mwake ni dhaifu. Kengele ya kuamka, ya chai na ya darasani itamfaa kuliko nyumba yetu ambako kila mtu anakula saa yake. Tatizo ni kwamba bweni humwadhibu aliyesahau, halimkumbushi. Kuacha ndoo bombani, kuja paredi na soksi moja, kupitiwa na zamu ya usafi: kwa mwenzake huo ni uzembe, kwake hiyo ndiyo dalili yenyewe, na fimbo haijawahi kumwongezea mtu kumbukumbu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na adhabu iandikwe kitabuni. Wathibiti ubora wakifika shuleni, wakifungue hicho kitabu. Jina likijirudia wiki baada ya wiki kwa makosa ya kusahau, mtoto huyo anatakiwa kupimwa.

Kuna na suala la dawa. Ameandikiwa methilifenideti, dawa iliyo chini ya udhibiti wa kimataifa kwa mkataba wa mwaka 1971. Huikuti duka la dawa muhimu, na haifai kukaa kwenye tranka bwenini ambako watoto wanaazimana hadi miswaki. Ile ya kawaida hufanya kazi kama saa nne hivi. Akimeza saa moja asubuhi, ikifika saa tano imekwisha, anahitaji nyingine. Prepo ya saa moja usiku, muda wa kujisomea, inamkuta hana dawa mwilini, na akipewa jioni halali. Tena inakata hamu ya kula mchana. Njaa inamjia usiku, jiko limeshafungwa. Kwa hiyo tunachouliza kila shule ni hiki: kabati lenye kufuli la matroni liko wapi, nani anatoa dozi ya mchana, anaweza kusimama na kunyoosha miguu katikati ya prepo, na kuna kikombe cha uji baada yake? Majibu ya maswali hayo yametusaidia kuchagua kuliko orodha za ufaulu zilizobandikwa ukutani.

Ombi langu ni ukurasa mmoja. Kila fomu ya kujiunga na bweni mkoani, ya serikali na ya binafsi, iwe na ukurasa wa hali zinazogusa kujifunza: mtoto ana nini, anatumia nini, anasaidiwaje, mwalimu gani anawajibika naye. Wasaini mzazi, matroni au patroni, na mwalimu wa darasa, nakala iende kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Waraka wa 2023 uliozuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano ulionyesha kwamba Serikali ikitaka kuuliza bweni linamfaa nani, inauliza.

Ukurasa huo utafaa hata baadaye. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na 10 katika masomo mengine. Taarifa zake hutaja wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Mpwa wangu hayumo. Kulibadilisha hilo si kazi ya ofisi yako, lakini siku mlango ukifunguliwa, kidato cha nne ataulizwa kumbukumbu za tangu kidato cha kwanza.

Dada yangu ameshaandika ukurasa wa mwanawe kwa mkono, pande mbili. Niko tayari kuuleta ofisini kwako kama mfano, kabla fomu za Januari hazijachapwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjomba wa mwanafunzi,
Newala