Barua kwa Ami kuhusu kufungwa kwa mwamba

Glasgow, Uskoti

Kwa Ami yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ama baada ya salamu, mimi na wanangu hatujambo, alhamdulillahi, na namuomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute wewe, Bibi na wote wa nyumbani mkiwa na afya njema.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa yule kijana aliyekuja masomoni, nikaisoma mara tatu. Umenieleza kwamba shehia inataka kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, kwamba bahari imelivunja tuta na kuingia katika bonde la mpunga na kwa hiyo kamati inataka kupanda mikoko, na kwamba mnaiomba jumuiya yetu ya huku ichangie boti ya doria. Nakujibu kwa kalamu, si kwa sauti ya simu, kwa kuwa ningependa maneno haya yasomwe barazani mbele ya sheha na mbele ya akina mama, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kufunga mwamba nakuunga mkono, na sababu yangu iko kwa pweza mwenyewe. Umri wake ni kama mwaka mmoja au kidogo zaidi, lakini katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaifikia, kiasi kwamba yule anayechokolewa leo akiwa mdogo wa kutia huruma, akiachwa bamvua chache tu, yaani yale maji makubwa ya mara mbili kwa mwezi, atakuwa na uzito wa kutosha nyumba nzima. Jike hutaga mara moja maishani; huingia pangoni, huyalinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Jike anayetolewa pangoni kabla ya kufika hapo ameondoka na kizazi chake chote. Ndiyo maana kufunga kwa miezi miwili au mitatu kunaweza kuonekana kwenye mizani, ilhali kwa chewa tungelazimika kungoja miaka. Wavuvi wa Kivezo wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska ambayo wazee wetu waliiita Bukini, walianza kufunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na jambo hilo likaenea katika vijiji vingine vya pwani ile. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwani Kisiwa Panza, hapo hapo kwetu Pemba, wamekwisha kufunga na kufungua, nako ni safari ya mashua. Kabla ya kikao cha mwisho waende watu wanne wakawaulize wenzetu hao, na naomba wawili kati yao wawe wanawake.

Ami, hapo kwa wanawake naomba tukae kidogo. Umeandika kuwa kamati imekubaliana, lakini majina yote uliyoyataja ni ya wenye vyombo. Mwamba wa nje unaendewa na wazamiaji wenye miwani, ambao huku kukifungwa watakwenda kule, na ikibidi watakwenda dago, kuvua kwa kupiga kambi mbali na nyumbani. Mwamba wa ndani, ule unaofunuka maji yakipwa wakati wa bamvua, ni wa wale waendao kwa miguu wakiwa na mchokoo wa kumtolea pweza pangoni na kikapu, na mmoja wao alikuwa marehemu mama yangu. Siku ya neema alikuwa akirudi na pweza wawili. Mmoja akauzwa palepale ufukweni, mmoja akaingia chunguni, na fedha ya yule aliyeuzwa ndiyo iliyonunua madaftari yangu ya skuli. Kwa mtu kama yeye miezi mitatu ni bamvua sita bila kitoweo wala senti, na akiwa hakuulizwa kabla ya kufungwa, usiku wa bamvua ya pili atakwenda na taa, nasi tutamwita mwizi katika pwani aliyozaliwa.

Kwa hiyo nashauri yaandikwe kabla ya siku ya kufunga: ni sehemu gani ya mwamba wa ndani itakayoachwa wazi, na siku ya kufungua ni nani aingie kwanza. Waendao kwa miguu wakipewa maji mawili ya mwanzo peke yao, wazamiaji hawatapungukiwa, kwa kuwa wana kina chote kilichobaki. Bei nayo ikubaliwe na wachuuzi mapema. Pweza wakitoka wote kwa asubuhi moja bei huanguka, na subira ya miezi mitatu ya akina mama itamnufaisha mwenye friza.

Kujizuia si jambo geni kwetu. Wazee walitusimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika Misali aliomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kuwa kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, na ilipoingizwa katika Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba mwaka 2005, heshima hiyo ilikuwa imekwisha kukaa nyoyoni mwa wavuvi, na waliozungumza nao juu ya amana ya viumbe vya Mungu walikuwa na pa kuanzia. Hata popo wetu, ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amebaki kidogo kwa kuwindwa, na leo wanahesabiwa zaidi ya 20,000 kwa sababu vijiji kama Kidike vilikubali wenyewe kuilinda miti anayolala.

Kuhusu mikoko nina uchungu wa zamani. Nilipokuwa darasa la sita tulitolewa skuli asubuhi, tukapewa zile mbegu ndefu za mkoko na tukazichomeka kwenye uwanda wa mchanga ulioko nje kabisa, mistari imenyooka kama ya muhogo. Wageni wakapiga picha, tukanywa soda, na kabla ya mwaka kwisha hakikubaki hata kijiti kimoja. Kwa miaka mingi niliamini kuwa tulipanda vibaya kwa utoto wetu, na nimekuja kufahamu baadaye kuwa mahali penyewe hapakuwa pa mti ule. Mbele ya bahari ni makao ya mlilana na mchu, nayo pia ni miti ya jamii ya mikoko. Mkoko wenyewe, wenye zile mbegu ndefu, hukaa nyuma yao, penye tope na vijito. Mkandaa na msinzi hurudi nyuma zaidi, ambako maji hayakai kwa muda mrefu. Kila mti una saa zake za kuvumilia kufunikwa na maji. Mbegu ya mkoko huchomekeka kwa urahisi hata na mtoto, na ndiyo sababu miradi mingi huipenda na kuipeleka hata kusikokuwa kwao.

Nakusihi, basi, kabla ya kununua kitalu muulizane mikoko iliyokuwapo ilikwenda wapi. Wewe unajua kuliko mimi ni mingapi iliyoingia katika matanuri ya chokaa, mingapi ilikwenda kuwa boriti na mingapi ikawa kuni za kila siku, na unajua ni mfereji gani ulizibwa lilipotengenezwa tuta. Mahali ambapo ukataji umesimama na maji yanaingia na kutoka kama zamani, bahari huleta mbegu yenyewe na kuipanda panapostahili. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, inaipa jamii njia ya kuingia mkataba na serikali na kuusimamia msitu wake, na mkataba kama huo, ukiwa na mpaka unaojulikana na kila nyumba, una thamani kuliko miche elfu kumi. Bonde la mpunga ni shauri jingine. Hilo linahitaji tuta lenye mlango wa kutolea maji, na masika kadhaa ya kuosha chumvi, na wenye makonde yale wasiambiwe kuwa mikoko pekee itawarudishia mpunga wao.

Sasa nikueleze nilikotoka mwezi wa Agosti, kwa maana ndiko kulikonifanya nione haya yote kwa pamoja. Nilikwenda na mwenzangu wa kazini katika kisiwa kinachoitwa Eigg, magharibi mwa Uskoti, ambako hufikiwa kwa meli kutoka bandari ya Mallaig. Ni kisiwa cha kilomita kama tisa kwa tano, chenye watu wapatao mia moja. Hadi mwaka 1997 kilikuwa mali ya bwana mmoja baada ya mwingine, na mpangaji hakuwa na uhakika wa nyumba anayolala wala sababu ya kuitengeneza. Mwaka huo wenyeji, wakishirikiana na baraza la wilaya na shirika la kuhifadhi wanyamapori, walikinunua kwa pauni milioni 1.5. Fedha zilichangwa na maelfu ya watu, na sehemu kubwa ilitoka kwa mfadhili mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe.

Kwetu ardhi ni mali ya umma, hivyo sikuandikii habari ya kununua. Ninachotaka ukitazame ni umeme wao. Kisiwa kile hakijaunganishwa na waya wa bara. Kila nyumba ilikuwa na jenereta lake la dizeli, hadi Februari 2008 walipowasha mtambo wao wenyewe unaotumia maji ya vijito, upepo na jua. Walipokuwa wakiupanga walikubaliana jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mitambo: nyumba haitumii zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara haizidi 10. Birika la umeme peke yake hula kilowati mbili au tatu, kwa hiyo mama wa nyumba tuliyofikia alingoja mashine ya kufulia imalize kabla ya kutuwekea chai, na alifanya hivyo bila kunung'unika, kama wewe unavyongoja maji yapwe. Anayepitisha kiwango hukatikiwa, awe nani. Umeme ukizidi hupelekwa kupasha joto majengo ya wote, na wanaotengeneza mitambo ikiharibika ni watu wa palepale waliofundishwa kazi hiyo. Sisi tulipata umeme wa kutegemewa zaidi mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na ni neema ninayoishukuru, ila nakumbuka nyumbani kwetu ukikatika hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Nilikaa pale nikaufikiria mwamba wetu, kwa sababu kilowati 5 na miezi mitatu ni jambo la namna moja: mpaka waliojiwekea watakaoubeba wenyewe, tajiri na maskini kwa kipimo kimoja.

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye boti. Jumuiya imekusanya fedha, na baadhi ya wenzangu wanataka boti ya mashine yenye jina la jumuiya ubavuni, pamoja na kibao pwani. Mimi nimepinga kikaoni na nitaendelea kupinga. Mashine hununuliwa mara moja, lakini petroli hununuliwa kila wiki, na sisi wa huku tukichoka, boti itageuka kuwa ya kuvulia au italala mchangani. Nimependekeza fedha hizo zigawanywe sehemu mbili. Moja iwakopeshe akina mama wa mwamba wa ndani kwa zile bamvua sita, kwa masharti watakayoyapanga wao. Ya pili itengeneze lile tuta na mlango wake. Doria ianze kwa ngalawa na kwa macho ya watu wa pwani kwa zamu, na petroli, ikihitajika hapo baadaye, itoke katika tozo ndogo ya siku ya kufungua, iliyopimwa kwa kilo na kuandikwa hadharani, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Zamu hizo ziwahusu hata watoto wa wanakamati, na atakayekamatwa, akiwa ni mwanao au ni mdogo wangu, alipe kama mwengine.

Najua maneno haya ni mazito kutoka kwa binti aliyekaa mbali miaka kumi na moja, na nakuomba radhi pale nilipovuka adabu. Wenzangu wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao kuleta jibu la shehia. Naomba karatasi mbili: moja ya kamati, na nyingine ya akina mama wanaokwenda pwani, iandikwe na mmoja wao anayejua kuandika na isipitie mikononi mwa mtu mwengine. Hiyo ya pili nitaisoma kikaoni kwanza.

Nisalimie Bibi, na unisomee Fatiha kaburini kwa mama.

Wasalaamu,
Binti wa nduguyo