Spika zikiunguruma, anzeni na waya

Mhariri,

Kumbi nyingi za sherehe hapa Dar es Salaam, pamoja na makanisa na misikiti, hubadilisha mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na spika kila zinapoanza kuunguruma, na mashine mpya ikifungwa mlio unabaki palepale. Mara nyingi kinachosumbua ni waya wenyewe.

Waya wa kawaida wa sauti, kama wa RCA (ule wa vichwa vyekundu na vyeupe) au wa gitaa, una uzi mmoja katikati na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo ndio unaokinga, na ndio njia ya kurudia ya sauti, hivyo uchafu wa umeme unaoupata unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Waya wa balansi una nyuzi mbili ndani ya wavu. Sauti ya uzi wa pili imegeuzwa. Kelele ya njiani inazipata nyuzi zote mbili sawasawa, na mashine inayopokea huchukua tofauti iliyopo kati yao. Kelele inajifuta, sauti inabaki. Kwenye XLR, kichwa cha waya chenye pini tatu, pini ya 1 ni wavu, ya 2 ni chanya, ya 3 ni hasi.

Kutoka kompyuta mpakato hadi mikisa iliyo mezani hapohapo, mita moja au mbili, waya wa kawaida unatosha na hakuna haja ya kuongeza fedha. Ukivuka mita tano hivi, nenda balansi. Maikrofoni haina mjadala: umeme wake ni milivolti chache tu, kwa hiyo hata mlio mdogo unasikika.

Tatizo linaanzia dukani. Waya nyingi zinazouzwa Kariakoo zenye XLR upande mmoja na jeki (kichwa cha kuchomeka kama cha gitaa) upande wa pili zimeunganishwa pini ya 3 na ya 1 pamoja. Kwa macho ni balansi, kwa kazi si balansi. Itazame jeki: ikiwa na pete moja nyeusi, achana nayo kwa safari ya mita 20 hadi kwenye spika. Zikiwa mbili, fungua kifuniko uone kama nyuzi zote mbili zimechomelewa kila mmoja mahali pake. Na hata waya ukiwa mzuri, kinanda kisichotoa balansi hakitageuka kuwa balansi kwa sababu yake. Hapo inahitajika DI boksi, kisanduku kinachogeuza sauti ya kawaida kuwa balansi, kiwekwe karibu na kinanda.

Kuna kosa jingine ambalo madijei wanalijua kwa uchungu. Simu inachomekwa kwa jeki ndogo ya stereo, upande wa pili XLR moja, wimbo unapigwa na mwimbaji hasikiki. Vinabaki vyombo vya pembeni tu. Mikisa imechukua tofauti kati ya kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji, iliyo sawa pande zote, ikafutwa kama kelele. Tumieni waya unaogawanya simu kwenye jeki mbili za mono, kila moja na chaneli yake.

Kuhusu kukata pini ya ethi (ya usalama, inayopeleka umeme ardhini) kwenye plagi ili mlio uishe: huo si ufundi. Mashine ikivuja umeme, anayeshika maikrofoni ndiye atakayeupokea. DI boksi ina swichi ya kutenganisha ethi upande wa sauti, na hiyo ndiyo ya kutumia. Mikisa na spika zikipata umeme kutoka soketi za laini moja, mara nyingi mlio unapungua bila kukata chochote.

Kupima waya hakuhitaji fundi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya mlio, gusa pini ya 1 ya upande mmoja kwa 1 ya upande wa pili, 2 kwa 2, 3 kwa 3, ilie kila mara, kisha hakikisha 1 haigusani na 2 wala 3. Wakati unapima, kunja waya pale unapoingia kwenye kichwa; hapo ndipo nyingi hukatikia.

Wanaojenga kumbi sasa waweke bomba la nyaya za sauti mbali na la umeme tangu sakafu haijamwagwa, na yakilazimika kukutana, yapishane kama msalaba.

Fundi mitambo ya sauti,
Tabata, Dar es Salaam