Salamu za Krismasi kutoka Moshi: kiti cha mzee kiko wazi

Bwana Yesu asifiwe. Kaka zangu, dada zangu, mashemeji, wajomba, mashangazi, na ninyi marafiki mnaopanda mlimani mwezi huu kwa basi, kwa gari la kuazima au kwa miguu kuanzia Kiboriloni, nawasalimu kwa jina la Mtoto aliyezaliwa. Heri ya Krismasi na fanaka tele za mwaka mpya.

Mwaka umetubana. Juzi nilikwenda Mbuyuni kutafuta ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Muuzaji akataja bei, nikadhani ni ya debe zima, kumbe anasema nusu. Bei ya mbuzi siitaji, maana wengine mna presha.

Na mzee, baba yetu, ametutoka. Mwezi wa saba, baridi ile, tukamlaza kihambani, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya babu. Hii itakuwa Krismasi ya kwanza bila yeye, na mnaojua nyumba ile mnajua pia kwamba mwaka huu hakuna wa kutusimulia habari za Mangi Mkuu, chifu mkuu wa Wachagga. Akishaishika kata ya pili alikuwa hana hadithi nyingine.

Alikuwa na miaka 13 Wachagga walipopiga kura mwaka 1951 kumpata mkuu mmoja wa mlima wote wa Kilimanjaro, kutoka Siha mpaka Rombo. Zamani kila nchi ilikuwa na mangi wake. Sina yuko Kibosho, Rindi yuko kwetu Old Moshi, na ng'ombe wanalala leo kwa huyu kesho kwa yule. Mwana wa Rindi, Mangi Meli, Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake, na wazao wake wametumia miaka mingi wakikisaka kichwa chake huko Ujerumani. Baadaye Waingereza wakaweka wakuu watatu: Hai, Vunjo na Rombo. Sasa wananchi wakataka mmoja, na wakataka wamchague wenyewe. Chama cha kina Petro Njau kikamsimamia Thomas Marealle wa Marangu, akashinda, akatawazwa mwaka 1952.

Babu alimpenda mangi huyo kama mtu anavyopenda mvua. Kahawa ilikuwa na bei. Wachagga walikuwa na bendera yao, gazeti lao la Komkya, na sikukuu yao ya tarehe 10 Novemba ambayo babu aliivalia koti hata jua likiwaka.

Halafu likaja swali ambalo liligawa nyumba nyingi, yetu ikiwamo. Kiti hiki ni cha maisha, au mtu akae muda wake atupishe? Kina Solomon Eliufoo wa Machame walitaka rais wa Wachagga, wa kuchaguliwa kwa vipindi. Baba wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22, amesoma kidogo, mdomo mrefu, naye akasimama upande wa rais. Babu akasema amezaa mtu asiyejua heshima. Mwaka 1960 kura ikaamua, upande wa rais ukashinda, Eliufoo akakikalia kiti. Hata hicho hakikudumu. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, na tangu miaka ile mlima mzima haujapanga foleni kumchagua mkuu wake mmoja. Mkuu wa mkoa anateuliwa, meya wa Moshi anachaguliwa na madiwani. Jina la Mangi lenyewe mnajua limeishia wapi: ukiwa Dar unamwita hivyo yeyote anayekupimia sukari ya robo.

Lakini hadithi ya mzee haikuishia kwenye kura. Iliishia Krismasi ya 1960. Babu alikuwa hajamsemesha kwa miezi. Wametoka kanisani, mbuzi amechinjwa, watu wamekaa. Babu akakata ini, akamwita baba kwa jina mbele ya wote, akamwekea kipande mkononi. Hakusema neno. Baba naye hakusema neno, akala amesimama. Akifika hapo katika kusimulia, mzee alikuwa ananyamaza, anaitazama migomba, na sisi watoto tulikuwa tunangoja kitu kiendelee wala hakiendelei.

Basi ndugu zangu, tunapomkaribisha Mwokozi tukumbuke kwamba cheo ni dhamana. Baba wa nyumba ni dhamana, mwenyekiti wa ukoo ni dhamana, hata mweka hazina wa michango ya msiba (na safari hii hesabu zisomwe, jamani) ni dhamana. Tusipande mlimani kuonyeshana magari. Vijana, msishike usukani mkiwa mmekunywa. Wenye nacho wamkumbuke mjane, wasio nacho wasikope kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Tuliotofautiana kwa siasa, kwa dini, kwa mirathi, tusiupeleke uchungu huu Januari. Mungu hapendi meza iliyojaa nyama ikazungukwa na watu wasiotazamana.

Nimeandika hayo nikijua mimi mwenyewe ni wa kwanza kuhubiriwa. Kaka yangu mkubwa na mimi hatujaongea vizuri tangu arobaini ya mzee. Wengi mnajua sababu: mpaka wa kihamba, hatua sita upande wa mfereji, na masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyong'olewa usiku. Niliyang'oa mimi. Mpaka sasa sijalisema hilo kwa mtu.

Nawatakia wote safari njema na Krismasi yenye amani. Mbege itakuwa imeiva tarehe 24. Kaka, jioni hiyo nitakuja kwako na jani la sale, lile la kuombea msamaha kwa desturi yetu, nimelikata kwenye mche uliobaki pale mpakani. Kisu cha mzee kiko kwangu, nitakuja nacho pia. Nyama utakata wewe.