Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vilifanyika kama ilivyopangwa, kamati ya leseni iliendelea na kazi, na hesabu atawasomea mweka hazina. Vibali viwili vilivyounganishwa kuwa kimoja nilivifuatilia mwenyewe, safari tisa, nauli kutoka mfukoni mwangu.

Nije kwenye ile barua, maana maneno yamekuwa mengi. Baadhi yenu mlitaka chama kiiombe serikali iweke leseni maalumu, ili asiingie mtu mpya katika biashara yetu mpaka apitishwe na bodi. Nilikataa kutia saini, nikaitwa dikteta. Katiba yetu inanipa mamlaka hayo, na hata leo ningekataa.

Chama hiki kilizaliwa kwa sababu ya urasimu: fomu ileile ofisi tatu, wakaguzi wanaopishana mlangoni, faili "halionekani". Watafiti waliojaribu kusajili karakana ndogo ya ushonaji mjini Lima, Peru, kwa kufuata sheria zote, walitumia siku 289. Tajiri ana wakili wa kumshughulikia hayo. Anayeumia ni anayeanza. Leo sisi tuliokwisha kupita tugeuke tuufunge mlango?

Mchumi George Stigler alieleza mwaka 1971 kwamba kanuni nyingi hutakwa na wenye biashara wenyewe, kwa faida yao. Tazameni Marekani. Bodi iliyoundwa mwaka 1938 ilipanga njia na nauli za ndege, na kwa miaka 40 haikuruhusu hata shirika moja jipya kujiunga na yale makubwa ya njia kuu. Mwaka 1978 soko likafunguliwa, wapya wakaingia, nauli zikashuka. Bodi ikavunjwa mwaka 1985. Usalama wa ndege ulibaki chini ya chombo kingine, na hili nalisema kwa wanaonisingizia kwamba napinga kila kanuni.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko 86, waliolipa ada ni 31. Kikao cha Agosti, kilichojadili barua hiyohiyo, tulifika 12, akidi haikutimia. Wengi wanaolalamika hawakuwapo, na ada wanadaiwa. Mimi sikukosa kikao hata kimoja.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kukutana na wanaotoa vibali, na pengine kuanzisha daftari la kuandika siku ambazo kila mwanachama amesubiri.

Mwenyekiti